Telegramu yenye makosa ndiyo iliyomfikia muuaji wa Lincoln (uzi mrefu, kaeni)

Fundi Waya

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye uzi mwingine kuna ndugu aliuliza swali nikalipenda: Marekani mwaka 1865 walikuwa na telegrafu, jeshi kubwa na reli, sasa ilikuwaje mtu mwenye mguu uliovunjika akawatoroka siku 12? Nikaahidi kumjibu. Nimechelewa, niwieni radhi.

Mimi kazi yangu ni mitambo, si historia. Kwa hiyo sitakaa sana kwenye nani alimchukia nani. Nitafuata waya: ulipita wapi, uliishia wapi, nani alikaa mwisho wake akigonga kitufe.

Tuanze. Ijumaa Kuu, tarehe 14 Aprili 1865, Washington. Siku tano nyuma Jenerali Lee wa jeshi la Kusini amesalimu amri kwa jeshi la Kaskazini, vita vya wenyewe kwa wenyewe vinaelekea kwisha, mji unasherehekea. Lincoln yuko Ford's Theatre anatazama mchezo. Saa 4 na robo usiku John Wilkes Booth, mwigizaji maarufu, anaingia kwenye kibanda cha Rais na kumpiga risasi kisogoni. Wakati huohuo mwenzake Lewis Powell yuko nyumbani kwa Waziri wa Mambo ya Nje, Seward, anamchoma visu kitandani. Wa tatu, George Atzerodt, alipangiwa kumuua Makamu wa Rais Johnson. Huyo akaogopa, akaishia kulewa.

Lincoln akavushwa barabara hadi nyumba ya Petersen, akalazwa kwenye chumba cha nyuma. Chumba cha jirani akaketi Edwin Stanton, Waziri wa Vita, na usiku ule serikali nzima ya Marekani ikawa yeye na meza moja.

Sasa shikeni hili: pale kwa Petersen hapakuwa na telegrafu. Hata Ikulu haikuwa na telegrafu! Mashine zilikuwa Wizara ya Vita, na ndiyo maana Lincoln alipenda kutembea kwa miguu hadi pale, anakaa na vijana wa mitambo anasoma karatasi zinavyoingia. Kwa hiyo Stanton anatamka, Charles Dana, naibu wake, anaandika, tarishi anachukua karatasi na kukimbia nayo gizani hadi wizarani, ndipo inagongwa. Kuna telegramu Stanton aliyompelekea Jenerali Dix wa New York. Imeandikwa saa 7 na nusu usiku, imetumwa saa 8 na robo. Dakika 45 zimeliwa na miguu ya watu na foleni ya mezani. Waya wenyewe ulihitaji sekunde.

Naendelea baada ya muda, napika chai.

Mama Tesha

Kiti changu hapa mbele kabisa. Fundi usituache njiani kama ule uzi wa mabwawa.

Kijiti Pogo

Mleta mada, kabla hujapika hiyo chai uje utunyweshe: inajulikana kwamba usiku ule telegrafu ya Washington ILIKATWA kama robo saa baada ya risasi. Stanton huyohuyo. Mbona umeliruka?

Fundi Waya

Sijaliruka, Kijiti, nilijua utakuja.

Kulikuwa na mitandao miwili. Wa kampuni za biashara, unaotumiwa na wafanyabiashara na magazeti, na wa jeshi. Laini za biashara ndizo zilizozimika kwa kama saa mbili. Za jeshi zilifanya kazi usiku kucha, na karatasi zake zipo na saa zake zimeandikwa. Saa 6 usiku Meja Thomas Eckert, mkuu wa telegrafu wizarani, ameshamtumia Jenerali Grant telegramu, na Grant ameipata Philadelphia akiwa safarini kwenda New Jersey. Anayetaka kuficha mauaji hamwiti jenerali mkuu arudi mjini mbio.

Tena Dana akamfuatishia nyingine, akimshauri Grant awatazame vizuri watu wanaomsogelea kwenye behewa, na treni yake itanguliwe na injini tupu, kama kuna kitu kimewekwa relini kiipate injini kwanza. Hiyo ndiyo hofu ya usiku ule. Hakuna aliyejua wauaji ni wangapi.

Huyu Eckert mwenyewe ana kisa. Inasimuliwa kwamba mchana wa siku ile Lincoln alikwenda wizarani akaomba aende naye kwenye mchezo. Alimpenda kwa sababu ni pande la mtu, Lincoln alishamwona akivunja vyuma vya kuchochea moto kwa kuvipiga kwenye mkono wake mwenyewe. Stanton akakataa, akasema Eckert ana kazi. Akaenda Meja Rathbone, kijana mwembamba, akaishia kuchanwa mkono kwa kisu.

Bint Forodhani

Subhanallah. Hicho cha vyuma nimekisoma mara mbili.

Endelea kaka, ila jibu swali: walijua lini kwamba ni Booth? Maana ukumbi mzima ulimwona akiruka jukwaani.

Fundi Waya

Dada Bint, hapo ndipo panapouma.

Walimjua mapema. Watu waliomtaja walikuwa wengi kiasi kwamba makarani walishindwa kuandika. Ikabidi aitwe kijana wa nyumba ya jirani, koplo James Tanner, aliyepoteza miguu yote miwili vitani mwaka 1862 na kujifunza hati mkato. Akaandika ushahidi usiku kucha, na mwenyewe alisema katika robo saa ya kwanza tu alikuwa na ushahidi wa kumtia Booth kitanzini.

Lakini jina la Booth linaonekana kwenye telegramu ya Stanton kwa Dix kama saa 9 usiku. Karibu saa tano tangu risasi! Huko nyuma wanaambiwa "muuaji" bila jina. Stanton alikuwa mwanasheria, na naona alitaka ushahidi ukae sawa kwanza. Wengine mtasema alichanganyikiwa. Mimi nimewahi kukaa zamu ya usiku siku ya ajali kubwa, nawaambia vyote viwili hukaa ndani ya mtu mmoja.

Na Booth yuko wapi saa hizo? Karibu saa 5 kasorobo amefika daraja la Navy Yard, upande wa kusini-mashariki. Amri ni kwamba baada ya saa 3 usiku hapiti mtu. Sajenti Silas Cobb anamuuliza jina. Booth anajibu "Booth". Jina lake! Cobb anafikiri kidogo, vita vimekwisha, anamwachia. Baada ya dakika chache anapita David Herold, mwenzake kwenye njama, anajiita Smith, naye anaachiwa. Anakuja wa tatu, John Fletcher, mtu wa banda la farasi anayemfukuza Herold kwa sababu ameondoka na farasi wake. Cobb anamwambia kupita utapita, ila kurudi leo hurudi. Fletcher akageuza, akaenda kuripoti mjini usiku uleule.

Yaani wauaji wamepita, anayewakimbiza karudishwa. Na pale darajani hapakuwa na waya wa kumwambia Cobb kitu chochote.

Waya mzito ulielekea kaskazini: Baltimore, Philadelphia, New York, kwenye miji na reli. Stanton akapeleka maneno yake huko kwa sababu huko ndiko yalikoweza kwenda. Treni za Baltimore zikasimamishwa. Booth yeye ameingia kusini mwa Maryland, mashamba ya tumbaku, misitu na vinamasi, wenyeji wengi wakiwa upande wa Kusini moyoni. Habari huko ilitembea kwa kasi ya farasi, na Booth naye alikuwa na farasi.

Mfano mmoja tu. Alfajiri ya tarehe 15 Booth amefika kwa daktari Samuel Mudd, amefungwa mguu, amelala. Lincoln amekufa saa 1 na dakika 22 asubuhi. Mchana wa siku hiyo Luteni David Dana, ndugu yake yule Dana wa mezani kwa Stanton, amefika na askari wa farasi kijiji cha Bryantown. Kutoka hapo hadi kitandani kwa Booth ni kama kilomita 8. Mudd mwenyewe alikwenda Bryantown dukani mchana ule, akawakuta askari wamejaa. Akarudi nyumbani kwake.

Mzee wa Telegramu

Vijana, nimeusoma uzi huu nimekumbuka mbali. Mimi nilikuwa karani wa telegramu mwishoni mwa miaka ya 60, mji sitautaja.

Watu wanadhani telegramu inakosewa kwa uzembe. Nitawapa yangu. Jamaa alimtumia mzazi wake ujumbe: MUSSA AMEFIKA SALAMA MOSHI. Mpokeaji upande wa pili akaandika AMEFIWA. Tazameni: K ni mstari, nukta, mstari. W ni nukta, mstari, mstari. Redio ya jirani ikilia tu umeshapotea. Kule wakasoma MUSSA AMEFIWA SALAMA MOSHI, wakaona Salama ni mke wake. Turubai likafungwa, ng'ombe akachinjwa. Mussa alipoandika barua kuuliza mbona kimya, mkewe yuko hai anasuka ukili, wazee walikataa kuonana nami miezi mitatu.

Kwa hiyo mleta mada, hilo la kichwa cha uzi wako, telegramu yenye makosa, ndilo ninalolisubiri. Na tueleze mafumbo waliyotumia.

Mama Tesha

MUSSA AMEFIWA SALAMA 😂😂 Mzee umenimaliza.

Fundi Waya

Shikamoo Mzee. Na ng'ombe je, walimlipa?

Haya, mafumbo. Kwanza mjue kwamba telegrafu ya jeshi la Kaskazini iliendeshwa na raia. Vijana wengi walitoka kampuni za reli na telegrafu, hawakuvaa magwanda wala kuwa na cheo. Fumbo lao lilitungwa na Anson Stager, na halikuchanganya herufi, lilichanganya maneno. Nawapa mfano wa kwangu. Ujumbe: "Tuma askari mia kwa meli kesho alfajiri waende kimya." Unaupanga hivi:

tuma – askari – mia
kwa – meli – kesho
alfajiri – waende – kimya

Kisha unausoma kwa njia mliyokubaliana: safu ya kwanza kwenda juu, ya tatu kushuka, ya pili kwenda juu, na kati ya safu unachomeka neno la uongo. Inatoka: ALFAJIRI KWA TUMA EMBE MIA KESHO KIMYA MBUZI WAENDE MELI ASKARI. Majina ya watu na miji nayo yanabadilishwa kwa maneno ya kwenye kitabu. Uzuri wake ni kwamba mgongaji anagonga maneno ya kweli. Neno likikosewa herufi moja, anayepokea anashtuka na kulisahihisha. Upande wa Kusini walitumia fumbo la herufi kwa herufi, lile la Vigenère, na herufi moja ikirukwa basi hata mwenye ufunguo wake anatokwa jasho. Jedwali la fumbo la namna hiyo lilikutwa kwenye sanduku la Booth hotelini, na Eckert akaitwa mahakamani kulitolea ushahidi.

Siri ya fumbo la Stager ilishikwa na wale vijana wenyewe tu. Hata jenerali hakuwa nayo. Mwanzoni mwa 1864 Grant alitaka ufunguo wapewe maofisa wake, akamwamuru kijana wake wa mafumbo, Samuel Beckwith, aukabidhi kwa Kapteni Comstock. Beckwith akabisha, akabanwa, akautoa. Washington waliposikia wakamfukuza kazi! Grant akaandika kwamba kosa ni lake mwenyewe, kijana akarudishwa.

Mshikeni huyo Beckwith. Anarudi sasa hivi.

Kijiti Pogo

Sawa, hapo nimekaa kimya. Leta hiyo telegramu.

Fundi Waya

Wiki ya kwanza msako ulikuwa fujo. Powell na Mary Surratt, mama mwenye nyumba walimokutania wala njama, walikamatwa Washington tarehe 17, Atzerodt tarehe 20. Booth hakuna. Waya ukageuka mfereji wa kelele: kila mji umemwona Booth, kila kijana mwenye masharubu meusi anawekwa ndani. Tarehe 20 Stanton akatoa bango la zawadi ya dola 100,000: 50,000 kwa Booth, 25,000 kwa Herold na 25,000 kwa John Surratt, mtoto wa Mary. Bango lilibandikwa picha halisi, kwa gundi, kwa sababu waya haukuweza kubeba uso wa mtu. Na majina mawili yamekosewa, Herold kaandikwa Harold, Surratt kapungukiwa t moja.

Booth alikuwa kichakani, kwenye misonobari, amelala chini hana hata moto. Mtu mmoja, Thomas Jones, anamletea chakula na magazeti. Na magazeti yamejaa nini? Zile telegramu za Stanton kwa Dix, maana Dix alizitoa zichapishwe. Mkimbizi anasoma taarifa za anayemkimbiza! Akaandika kwenye kijitabu chake kulalamika kwamba watu wanamlaani kwa jambo ambalo yeye aliliona la kishujaa.

Usiku wa tarehe 22 kuamkia 23 akavuka mto Potomac kwa mtumbwi pamoja na Herold, wakaingia Virginia.

Sasa yule Beckwith. Alipelekwa Port Tobacco, kusini mwa Maryland, na vifaa vyake, akaunga kwenye waya. Hapohapo Meja O'Beirne alikuwa amepata habari kwamba watu wawili wameonekana wakivuka Potomac kwa mashua tarehe 16. Asubuhi ya tarehe 24 Beckwith akaigonga kwenda Washington. Mkuu wa wapelelezi, Lafayette Baker, akaiona wizarani.

Watu wawili, mashua, Virginia. Baker akaomba askari palepale. Jioni ile askari 26 wa kikosi cha 16 cha farasi cha New York, chini ya Luteni Doherty, pamoja na wapelelezi wawili, Conger na Luther Baker, wakapanda meli John S. Ide hadi Belle Plain, upande wa Virginia.

Ila wale waliovuka tarehe 16 hawakuwa Booth na Herold. Tarehe 16 Booth ndio kwanza anaingizwa kichakani. Walikuwa watu wengine kabisa! Tarehe si yake, mtu si yeye, lakini mto ni wenyewe na upande ni wenyewe. Ingekuja habari sahihi ya tarehe 16, ingesema "bado yuko Maryland", na kufikia tarehe 24 hiyo ingekuwa imeshapitwa.

Mzee wa Telegramu

AMEFIWA SALAMA.

Fundi Waya

Hahaha! Ndiyo hiyohiyo Mzee.

Na baada ya Belle Plain, waya umekwisha. Kuanzia hapo ni midomo. Tarehe 25 wamefika kivuko cha Port Conway, wakamwonyesha mvuvi William Rollins picha. Akasema ndio, jana wamevuka, huyu masharubu ameyanyoa, anachechemea, wako na askari watatu wa Kusini. Mkewe akaongezea la maana kuliko yote: mmoja wa wale askari, Willie Jett, ana mchumba kwenye hoteli ya Bowling Green. Unamtaka Jett, nenda kwa mchumba. Wakaenda usiku wa manane, wakamkuta amelala. Kwa bastola kichwani akawapeleka shamba la Garrett.

Alfajiri ya tarehe 26 Herold akatoka kwenye ghala la tumbaku mikono juu. Booth akakataa. Wakatia moto, na sajenti Boston Corbett akapitisha risasi kwenye ufa wa ubao, ikampata shingoni. Akafa barazani kama saa 1 asubuhi.

Unadhani Stanton alipataje habari? Conger alitia vitu vya marehemu mfukoni, akapanda farasi hadi mtoni, akapanda meli, jioni akaingia Washington na kumweleza kwa mdomo. Ndipo waya ukaamka tena kuieleza nchi.

Bint Forodhani

Nimejifunza. Mimi niongeze la kwetu Unguja kidogo. Wakati ule Sayyid Majid ndiye mtawala, na Wamarekani wana ubalozi mdogo Zanzibar tangu 1837. Bibi zetu walivaa merikani, ile nguo ya pamba ya kutoka kwao, na vita hivi ndivyo vilivyoifanya iadimike. Waya wa chini ya bahari ulifika Zanzibar 1879. Kabla ya hapo mauti ya Rais ingeletwa na meli, pamoja na barua za wafanyabiashara.

Fundi Waya

Ahsante sana Bint. Hata London hawakuwa na nafuu kubwa. Waya wa Atlantiki ulikaa sawasawa Julai 1866, kwa hiyo 1865 habari ya kuuawa Lincoln ilivuka kwa meli, ikafika London tarehe 26 Aprili. Siku ileile Booth anakufa. Kule ndio kwanza wanasoma kwamba amepiga risasi.

Mama Tesha

Na zile hela?

Fundi Waya

Ziligombaniwa zaidi ya mwaka, kila mtu ndiye aliyemkamata Booth. Bunge likagawa: Conger 15,000, Doherty 5,250, Lafayette Baker 3,750, Luther Baker 3,000, kila askari 1,653 na senti 85. Beckwith, aliyegonga ile telegramu, akapata 500.

Mama Rollins, aliyejua Jett amelala wapi, simwoni kwenye orodha.

Kijiti Pogo

Na John Surratt? Umemtaja kwenye bango ukamwacha.

Fundi Waya

Alikimbilia Kanada, akavuka hadi Liverpool, akaishia Roma amejiandikisha askari wa Papa kwa jina la uongo. Mtu aliyemfahamu zamani akamtambua. Akatoroka, wakamnasa Alexandria, Misri, Novemba 1866, bado amevaa sare ya Papa. Hiyo ni safari nyingine na nyaya zake ni nyingine, nipe wiki mbili.

Mzee wa Telegramu

Ng'ombe hakulipwa.